Kusomea Uuguzi wa Wazee Marekani kwa Fedha za Serikali: Anzia Wapi, Omba Nini, Usilipe Nini

Pita usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee Lowell, Minneapolis au Dallas, na hutakaa sana kabla ya kusikia Kiswahili kwenye korido. Ni watu wetu: wa Kisii, wa Kilimanjaro, wa Bukavu, wa Bujumbura. Wanaogesha wazee, wanawalisha, wanawageuza kitandani kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia. Wengi wameshika kazi hiyo miaka na miaka bila kupanda ngazi, na si kwa kukosa akili wala bidii. Wameaminishwa kwamba shule ya unesi ni ya wenye hela. Wapo hata waliochangiwa na ndugu ili walipie kozi ambayo kisheria haikutakiwa kuwatoa senti moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Serikali ya Marekani imekuwa ikitoa fedha za kusomesha wauguzi tangu Rais Lyndon Johnson atie saini sheria ya mafunzo ya uuguzi mwaka 1964. Sababu ya kuendelea kutoa ipo wazi: ifikapo 2030, wote waliozaliwa kati ya 1946 na 1964 watakuwa wamefikisha miaka 65 au zaidi, na karibu Mmarekani mmoja kati ya watano atakuwa mzee. Shida ni kwamba fedha hizo haziko kwenye kapu moja. Nyingine zinapitia kwa mwajiri, nyingine ofisi za kazi, nyingine vyuoni, nyingine zinakuja baada ya kuhitimu, na hakuna ofisi hata moja itakayokukalisha chini ikueleze zote. Nimezipanga hapa kwa utaratibu ambao mtu anayeanza sifuri anaweza kuufuata. Kama tayari una leseni ya Marekani ya muuguzi aliyesajiliwa (RN), ruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 1: Panga makaratasi yako kabla ya kupanga shule

Kabla ya kuulizia ada, jua hadhi yako ya uhamiaji inafungua mlango gani. Raia na mwenye green card, karibu milango yote iko wazi kwake. Mkimbizi aliyeletwa kwa mpango wa serikali, au aliyekwisha kupewa hifadhi, anaweza kupata msaada wa masomo wa serikali kuu, lakini baadhi ya fedha za wauguzi nitakazozitaja kwenye hatua ya 6 zinadai green card. Kwa hiyo ndugu yangu mkimbizi, ukishatimiza mwaka mmoja nchini, omba green card yako bila kuchelewa. Usiichukulie kama shughuli ya baadaye, kwa sababu ukifika mwisho wa shule bila hiyo kadi utaona fedha zikipita mbele ya macho yako.

Anayesubiri kesi ya hifadhi huku ana kibali cha kazi bado anaweza kunufaika na hatua ya 2, kwa kuwa ile ni haki ya mfanyakazi. Kwa fedha za ofisi za kazi, masharti ya wahamiaji yamekuwa yakikazwa tangu 2025, kwa hiyo aulize ofisi ya eneo lake kabla ya kujihesabia. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi asitegemee fedha hizi za serikali kuu kabisa. Atafute ufadhili wa chuo chenyewe.

Kwa wanaume kuna jambo moja dogo linalowakwamisha wengi. Karibu kila mwanaume anayeishi Marekani akiwa na miaka 18 hadi 25, awe raia au mhamiaji, anatakiwa awe ameandikishwa Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini. Aliyeingia nchini akiwa ameshatimiza miaka 26 hahusiki. Ofisi za kazi hukagua hilo kabla ya kutoa fedha. Kama ulifika ukiwa mkubwa, weka nakala ya pasipoti au hati inayoonyesha tarehe uliyoingia, maana ndiyo itakayokuokoa.

Hatua ya 2: Chukua cheti cha CNA bila kulipa

CNA ni muuguzi msaidizi mwenye cheti. Ndiyo ngazi ya kwanza, na ndiyo iliyobeba nyumba za wazee mabegani. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1987 iliyorekebisha nyumba hizo iliweka kwamba muuguzi msaidizi lazima apate mafunzo yasiyopungua saa 75, na kati ya hizo angalau 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo yanaruhusiwa kuongeza: Texas inataka saa 100, California 160, Maine 180.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana pesa nyingi za watu wetu zinapotelea sehemu hii. Kanuni hizo hizo za serikali kuu, kwenye kifungu ambacho nakuomba ukiandike mahali, 42 CFR 483.152, zinasema kwamba mtu ambaye siku anapoanza kozi tayari ameajiriwa na nyumba ya wazee kama muuguzi msaidizi, au tayari ameahidiwa kazi hiyo, hatakiwi kutozwa chochote. Si ada, si vitabu, si vifaa vingine vya kozi. Mtihani wa cheti nao una kanuni kama hiyo.

Kinachoangaliwa ni tarehe. Siku ya kwanza ya darasa, ulikuwa na kazi au ahadi ya kazi mkononi? Kama ndiyo, gharama si zako. Kwa hiyo usianzie shuleni. Anzia kwenye nyumba ya wazee. Ingia, omba kuonana na mkurugenzi wa uuguzi au mtu wa ajira, mwambie: nataka kufanya kazi hapa kama muuguzi msaidizi, sina cheti, je, mnaweza kunipa ahadi ya kazi kwa maandishi kabla sijaanza kozi? Nyumba nyingi zina upungufu wa watu kiasi kwamba swali hilo halitawashangaza. Baadhi zina darasa lao wenyewe ndani ya jengo, na wanakulipa mshahara huku unasoma.

Barua yenyewe haihitaji urefu. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la nyumba, cheo cha muuguzi msaidizi, mshahara kwa saa, sahihi ya mhusika, na tarehe. Hiyo tarehe iwe kabla ya siku ya kwanza ya darasa, hata kwa siku moja. Piga picha barua hiyo kwa simu, jitumie kwa barua pepe, kisha asili yake uihifadhi nyumbani. Ahadi ya mdomo kwamba "ukimaliza uje" haitakusaidia mbele ya mtu yeyote.

Zingatia kwamba kanuni hii inazifunga nyumba za wazee zinazopokea fedha za Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) au Medicaid (ile ya wenye kipato cha chini), nazo ni karibu zote zenye uuguzi wa saa 24. Haizifungi zile nyumba ndogo za makazi ya wazee wanaojimudu kiasi, wala nyumba za vikundi, wala kampuni za huduma majumbani, ambako wengi wetu ndiko tunakoanzia. Ukiahidiwa kazi na mojawapo ya hizo, barua hiyo haikupi haki hii. Kuhakikisha, fungua tovuti ya Medicare, sehemu inayoitwa Care Compare, uandike jina la mji wako. Nyumba ikiwemo kwenye orodha, inahusika. Hapo hapo utaona imepewa nyota ngapi kati ya 5, na mmiliki wake ni mfanyabiashara, shirika lisilo la faida au serikali. Hilo la mmiliki likumbuke, tutarudi kwake.

Na kama ulishalipa kozi mwenyewe? Bado hujapoteza. Ukipata kazi au ahadi ya kazi kwenye nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza kozi, jimbo linatakiwa kuweka utaratibu wa kukurudishia gharama, kidogo kidogo kadiri unavyoendelea kufanya kazi. Ndiyo maana risiti ni mali. Risiti ya ada, ya kitabu, ya mtihani, zote ziweke. Kisha muulize mwajiri fomu ya kurudishiwa, na akisema haijui, piga simu kwenye ofisi ya jimbo inayoshika daftari la wauguzi wasaidizi. Waajiri wengine hawaijui kweli. Wengine wanangoja uulize.

Hatua ya 3: Nenda ofisi ya kazi ya eneo lako

Zinaitwa American Job Center, na karibu kila kaunti kubwa inayo moja. Zinatumia fedha za sheria ya mafunzo ya kazi iitwayo WIOA, ya mwaka 2014, na zinaweza kulipia kozi ya CNA kwa asiye na barua ya mwajiri, kozi ya LPN, muuguzi wa leseni ya ngazi ya kati, ambayo ni ya mwaka mmoja hivi, na mahali pengine hata sehemu ya masomo ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Kila bodi ya eneo hupanga kiwango chake cha juu, kwa hiyo alicholipiwa binamu yako wa Ohio hakikuhusu wewe wa Kentucky.

Kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, shule lazima iwe kwenye orodha ya shule zilizoidhinishwa na jimbo. Omba orodha hiyo kabla hujapenda shule yoyote. La pili, usijiandikishe shuleni kabla fedha hazijaidhinishwa, kwa sababu kwa kawaida hawalipii kozi uliyokwisha kuianza. Nenda na kitambulisho, kibali cha kazi au green card, kadi ya hifadhi ya jamii, hati za mshahara za miezi ya karibuni, na kama familia yako inapata msaada wa chakula au wa fedha, nenda na barua yake, maana wenye kipato cha chini hupewa kipaumbele.

Ukiwa mbele ya mshauri, usiulizie ada peke yake. Sheria hiyo inaruhusu pia kukusaidia nauli, mafuta ya gari, sare, viatu, malezi ya watoto na ada ya mtihani. Hayo hayatajwi mpaka yaulizwe, na kwa mama mwenye watoto wadogo wawili, malezi ya watoto ndiyo yanayoamua kama atahitimu au ataacha katikati.

Kama Kiingereza chako bado kinakupa taabu, sheria hiyo hiyo inafadhili masomo ya watu wazima. Tafuta darasa linalofundisha lugha na kazi kwa pamoja. Jimbo la Washington lina mpango wake uitwao I-BEST, wenye walimu wawili ndani ya darasa moja: mmoja wa fani, mwingine wa lugha. Kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa Goma au Uvira, njia hiyo ni fupi mno kuliko kungoja Kiingereza kinyooke kwanza.

Hatua ya 4: Jaza FAFSA, kisha nenda chuo cha jamii

Ukitaka kuwa RN, njia ya gharama nafuu ni miaka 2 ya chuo cha jamii. Anayehitimu hapo anakaa mtihani ule ule wa NCLEX anaokaa mwenye shahada ya miaka 4, na anapewa leseni ile ile.

FAFSA ni fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Hujazwa bure kwenye tovuti ya serikali, kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa ajili ya mwaka wa masomo unaofuata. Mtu akikudai pesa akujazie, mkimbie. Kinachotafutwa hapo kwanza ni Pell Grant, fedha zisizorudishwa, ambazo kwa mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026 zilifika hadi dola 7,395 kwa mwenye uhitaji mkubwa. Katika vyuo vingi vya jamii kiasi hicho kinamaliza ada na kubakiza cha vitabu. Aliye chini ya miaka 24, asiyeoa au kuolewa na asiye na mtoto anayemtegemea, kwa kawaida ataombwa taarifa za wazazi. Ukiwa na familia yako, unahesabiwa kwa kipato chako.

Jambo ambalo watu hawaambiwi mapema: Pell kwa masomo haya ni ya shahada ya kwanza tu. Ukiwa na shahada yako ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kenyatta au Lubumbashi, ya ualimu, sheria, biashara, yoyote ile, hustahili, hata kama shahada hiyo haijakupatia kazi Marekani. Najua inakatisha tamaa. Usiifiche shahada hiyo kwenye fomu, kwa sababu kusema uongo kwenye FAFSA ni kosa la jinai na linaweza kukuharibia hata uraia. Badala yake, elekea ofisi ya kazi ya hatua ya 3, ambako shahada haikuzuii, angalia mikopo ya wanafunzi ya serikali kuu, na usome kwa makini habari za Nurse Corps hapa chini. Na shahada yako ina faida yake: vyuo vingi vina kozi ya kasi ya uuguzi kwa wenye shahada nyingine, na baadhi humaliza ndani ya mwaka na miezi michache.

Majimbo nayo yana fedha zake. Massachusetts ilianza mwaka 2023 kulipia chuo cha jamii kwa watu wazima wa miaka 25 na kuendelea wasio na shahada, kisha mwaka 2024 ikapanua mlango kwa wakazi wengine. Tennessee na Michigan zina mipango yao inayoitwa Reconnect. Mipango hii hudai kwanza ujaze FAFSA, hata kama unaamini hutapata Pell. Ijaze tu.

Hatua ya 5: Mfanye mwajiri alipe, lakini soma mkataba

Ukishakuwa CNA kwenye nyumba ya wazee, una mfadhili mwingine aliye karibu kuliko wote. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi juu ya fedha hizo. Na katika majimbo kadhaa fedha anazolipa mwajiri zinarudi kutoka serikalini. Mfano mzuri ni Minnesota, ambako nyumba ya wazee inayowasomesha wafanyakazi wake kwenye fani za utunzaji wa muda mrefu inaweza kurudishiwa gharama hizo kupitia malipo ya Medicaid. Mpango huo unamhusu hata anayefanya kazi kwa wastani wa saa 10 tu kwa wiki. Unapomwomba meneja wako msaada wa ada katika jimbo kama hilo, hujaomba sadaka. Umemkumbusha fedha ambazo zimetengwa kwa ajili hiyo. Uliza idara ya wafanyakazi, uliza chama cha wafanyakazi kama mnacho, uliza kwa maandishi.

Kuhusu mkataba, mwajiri akikusomesha mara nyingi atataka ukae naye muda fulani, na hilo lina haki yake. Soma mambo matatu kabla ya sahihi. Deni likoje ukiondoka mapema, na je, linapungua kila mwezi unaofanya kazi au linabaki zima mpaka siku ya mwisho? Ukifukuzwa kazi, bado unadaiwa? Na wakikupunguzia zamu mpaka ushindwe kuishi, mkataba unasemaje? Kama majibu hayamo, omba yaandikwe. Mkataba usiopunguza deni kadiri unavyofanya kazi, binafsi singeutia sahihi.

Kwa dada na kaka aliyekuwa nesi nyumbani

Mtu aliyehitimu uuguzi Nairobi, Muhimbili au Kigali, akafika Marekani akaambiwa aanze CNA, mara nyingi hubaki hapo kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Kuanza CNA si vibaya. Vibaya ni kusahau kwamba leseni yako inaweza kutambuliwa. Bodi ya uuguzi ya jimbo lako ndiyo yenye kauli: itadai vyeti vyako vithibitishwe, barua kutoka baraza la uuguzi la nchi uliyosajiliwa, mara nyingi mtihani wa Kiingereza, kisha NCLEX. Kama kuna somo linalopungua, utasoma hilo moja, sio kozi nzima. Ofisi ya kazi inaweza kusaidia ada za uthibitisho na za mtihani, kwa hiyo iulize. Anza na baraza la nyumbani kwanza, kwa sababu barua hizo ndizo zinazochelewa kuliko kitu kingine chochote, na ni vyema kuwa na ndugu anayeweza kufika ofisini mwenyewe kuzifuatilia.

Hatua ya 6: Lipisha deni lako serikali

HRSA ni idara ya serikali kuu inayoshughulikia upungufu wa watumishi wa afya. Inaendesha mpango uitwao Nurse Corps, wenye mikono miwili.

Mkono wa kwanza ni kwa aliye masomoni au aliyekubaliwa na chuo cha uuguzi. Unalipia ada na gharama za masomo, pamoja na posho ya kila mwezi, na wewe unaahidi kufanya kazi angalau miaka 2 kwenye kituo chenye upungufu mkubwa wa wauguzi. Wenye uhitaji mkubwa wa kifedha hutangulizwa.

Mkono wa pili ni kwa RN ambaye ameshahitimu na ana deni la masomo. Ukifanya kazi miaka 2 kwenye kituo kinachokubalika, kwa saa zisizopungua 32 kwa wiki, wanalipa asilimia 60 ya deni lako la uuguzi. Ukikubaliwa mwaka wa tatu wanaongeza asilimia 25. Kwa hiyo deni la dola 40,000 linaweza kupunguzwa dola 34,000 ndani ya miaka 3, ingawa malipo hayo hukatwa kodi. Mikono yote miwili inadai uraia au green card, na LPN hayumo. Maombi hufunguliwa mara moja kwa mwaka na dirisha ni la wiki chache, hivyo jiandikishe kwenye tovuti ya HRSA upokee taarifa. Ukivunja ahadi unadaiwa na riba juu yake, kwa hiyo usiahidi kama unafikiria kuhama mwaka ujao.

Nyumba za wazee, huduma za uuguzi majumbani na vituo vya wanaokaribia mwisho wa maisha vimo kwenye orodha ya aina za vituo vinavyokubalika, mradi viko kwenye eneo lililotambuliwa kuwa na upungufu. Lakini hapa ndipo lile suala la mmiliki linaporudi. Kituo kiwe cha umma au cha shirika lisilo la faida. Nyumba nyingi za wazee Marekani ni za biashara, na muuguzi anaweza kufanya kazi nzuri humo miaka mitano asipate hata dola moja ya mpango huu. Ni hivyo hivyo kwa PSLF, mpango wa tangu 2007 unaofuta mikopo ya serikali kuu kwa aliyelipa mara 120 huku akifanya kazi serikalini au kwenye shirika lisilo la faida. Unapotafuta kazi ya kwanza baada ya leseni, fungua tena Care Compare uangalie mmiliki ni nani. Nyumba ya kaunti au ya shirika la kidini inayolipa dola mbili pungufu kwa saa inaweza kukuacha na fedha nyingi zaidi baada ya miaka michache kuliko ile ya biashara inayokuvuta kwa bonasi. Piga hesabu mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kusaini.

Hatua ya 7: Jifunze uzee wenyewe

Leseni ya RN inakufundisha uuguzi wa jumla. Kumtunza mzee wa miaka 85 ni elimu nyingine, na serikali inailipia kupitia mpango wa HRSA uitwao GWEP, ulioanza 2015 kwa kuunganisha mipango ya awali, ukiwemo mmoja uliokuwa wa wauguzi peke yao. Fedha zake hazikabidhiwi mtu binafsi. Zinakwenda kwa vyuo vikuu na vituo vya afya, navyo vinatoa mafunzo, mara nyingi bure, kwa wauguzi, CNA, na hata familia zinazomtunza mzee nyumbani. Minnesota kuna Northstar, kaskazini magharibi kuna kituo cha Chuo Kikuu cha Washington. Andika kwenye intaneti GWEP pamoja na jina la jimbo lako, halafu waandikie moja kwa moja.

Utakachofundishwa kimejengwa juu ya mambo manne: lililo muhimu kwa mzee mwenyewe, dawa, akili, na mwendo. Chukua dawa peke yake. Ile dawa ya usingizi au ya mzio inayouzwa dukani bila cheti cha daktari, yenye diphenhydramine, kijana anaimeza na kulala. Mzee anaweza kuamka amechanganyikiwa, kinywa kikavu, mkojo umeziba, akaanguka akienda chooni. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kina orodha ya dawa za namna hiyo, inayoitwa vigezo vya Beers, iliyohuishwa 2023. CNA aliyepitia mafunzo haya ndiye anayemwona mzee amebadilika kati ya jana na leo, na ndiye anayemwambia nesi waangalie ni dawa gani mpya imeongezwa kabla ya kusema kwamba ni uzee tu. Nawathamini sana watu wa namna hiyo. Wameokoa nyonga nyingi zisivunjike.

Upande wa akili una uzito wa pekee kwetu. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani. Wazee wetu waliokuja kama wakimbizi kutoka Kivu, na wazazi walioletwa na watoto wao kutoka Mombasa au Tanga, wataanza kurudi kwenye Kiswahili au Kibembe au Kichaga, na wahudumu watawaandika kuwa hawaongei. Muuguzi anayejua lugha hizo akawa pia na elimu ya uzee ana thamani ambayo waajiri hawajaiona bado. Itaje kwenye barua zako zote za kuomba ufadhili, tena kwa mfano halisi wa mzee uliyemhudumia, bila kumtaja jina.

RN akishafanya kazi miaka 2, akatimiza saa 2,000 za kuhudumia wazee na saa 30 za mafunzo ya ziada, anaweza kukaa mtihani wa ubobezi wa uuguzi wa wazee wa bodi ya ANCC. Saa hizo 30 unaweza kuzikusanya kwenye mafunzo ya GWEP, kwa hiyo tangu darasa la kwanza omba cheti kinachoonyesha idadi ya saa, na mwambie mwajiri akulipie ada ya mtihani. Bunge hupitisha fedha za GWEP mwaka kwa mwaka, na serikali imewahi kupendekeza zifutwe. Kama una darasa unalolitaka, jiandikishe muhula huu.